Marehemu Anasubiri Amina

Jumatano, 4 Machi

Kitinda amepiga simu mchana, nipo kwenye cherehani, katikati ya kushona kola. Eti Jumamosi tusile nyumbani, mimi na baba yake, ni zawadi yake kwetu ya kumbukumbu ya ndoa. Nikamwuliza tunakula wapi. Akacheka tu. Huyu mtoto tangu aanze kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno amekuwa kama bosi wake. Unakaa mdomo wazi, hujui kinachokuja.

Nikambana mpaka ikamtoka. Kuna mgahawa mpya mjini, mwenyewe ni mtu anayeipenda filamu yetu! Ile ile! Marehemu Hajashiba! Wameupanga kama chumba cha kulia cha yule mjane, na marehemu anatoka kabatini mzimamzima.

Nimepiga kelele mpaka jirani amekuja mbio kuuliza nani amefariki.

Mimi filamu za kutisha sizitaki. Uchafu mtupu, damu na wasichana wanaokimbia na nguo za kulalia. Lakini hii inahubiri. Mume anakufa, anazikwa vizuri kabisa, kisha kila jioni anarudi kudai chakula. Mjane anahangaika weee, mpaka siku moja anagundua kwamba marehemu hawezi kugusa sahani kabla sala ya chakula haijaisha. Basi anasali. Anasali mpaka kunakucha, marehemu kasimama pale na mkono hewani. Nani mwingine kaonyesha nguvu ya sala namna hiyo kwenye runinga? Hakuna.

Baba Kitinda naye anaipenda, ila anaitazama na taulo kichwani. Mwanaume anachomelea mageti kutwa, cheche zinamrukia usoni hapepesi, halafu kabati likilia kwenye filamu anauliza kama maji ya kuoga yamechemka.

Alhamisi, 5 Machi

Kushona sare za shule kumenibana. Baba Kitinda kauliza mara mbili kama huko mgahawani taa zipo.

Jumamosi, 7 Machi

Nimerudi. Sijui nianze wapi. Nikikumbuka nacheka, nikiacha kucheka naona aibu, nikiona aibu nacheka tena.

Mgahawa upo kati ya duka la matairi na saluni. Nje jua linachoma, ndani giza, madirisha wameyaziba kwa mapazia meusi (pindo limeshonwa ovyo, nikajizuia). Buibui wa pamba kila kona. Mhudumu kavaa gauni la harusi lenye matope. Akatupokea kwa sauti ya kaburini: "Karibuni... mlale pema..." Halafu kwa sauti yake ya kawaida: "Mko wawili au kuna mwenzenu anakuja?" Baba Kitinda akadakia: wawili, binti yangu, wawili tu, asiongezeke mtu.

Menyu sasa! Supu ya Mifupa ya Jirani. Vidole vya Bibi Harusi — kumbe viazi vya kukaanga. Mimi nikaagiza supu. Baba Kitinda akauliza kama kuna chochote ambacho hakijafa. Mhudumu akafikiri kweli kweli, akasema labda saladi.

Meza yetu iko kando ya kabati. Lile lile la kwenye filamu, na mikwaruzo yake! Nilitaka kulishika. Baba Kitinda akasogeza kiti, akasogeza tena, mwisho akawa yuko nyuma yangu kama mizigo.

Chakula kikaja. Sasa mimi sili bila kusali, hata njugu moja. Nikafumba macho, nikaanza. Na mimi nikianza, ndiyo nimeanza. Shule sikufika mbali, cheo sina, uso wenyewe wa kawaida tu. Lakini kusali nimejaliwa. Kikao cha akina mama kanisani nakifungua mimi na kukifunga mimi, tangu enzi za mchungaji aliyestaafu, na wapo wanaotoa leso kabla sijafika katikati. Hicho ndicho changu. Wengine wana nyumba za ghorofa.

Basi nikashukuru kwa chakula. Nikashukuru kwa ndoa, kwa Baba Kitinda na mapafu yake yanayokula moshi wa kuchomelea, kwa Kitinda na kazi yake. Hapo nikakumbuka wiki hii sijawaombea wagonjwa. Nikawaombea. Wasafiri. Wafungwa. Wasiopata usingizi. Wanawake walio karibu kujifungua. Viongozi — hapo nikakaa kidogo, maana wanahitaji.

Nilisikia mlango ukilia. Nikasikia watu wanacheka. Nikajua ni mambo ya mgahawa. Nikamsikia Baba Kitinda ananong'ona, "Mama Kitinda... Mama Kitinda jamani..." Nikadhani ameguswa. Nikaongeza sauti.

Nimefika kwa wajane, nikahisi pumzi sikioni. Sauti nyonge: "Mama. Sema Amina, nakuomba. Bega linakufa."

Nikafumbua macho. Marehemu huyo! Suti ya kuzikiwa, mkono umenyooka juu ya bakuli langu, unacheza kama sindano ya cherehani. Jasho limechimba mifereji kwenye poda. Masikini, si ndivyo filamu inavyosema! Sahani hawezi kugusa, mkono hawezi kushusha, kabatini hawezi kurudi, mpaka sala iishe. Na alikuwa hapo tangu wagonjwa! Supu imeota ngozi. Mgahawa mzima umesimama, simu juu. Baba Kitinda simwoni — kuangalia chini ya meza, naona soksi.

Nikasema Amina. Wakaitikia wote, "AMINAAA!", vigelegele, meza zinapigwa. Marehemu akaanguka kwenye kiti cha Baba Kitinda, akaomba maji. Akanywa na ya kwangu.

Jumapili, 8 Machi

Vijana wa kwaya wakiniona wananyoosha mkono mbele na kutetemeka. Video imefika. Kitinda anasema hata daktari wa meno ameiona, amemwonyesha mgonjwa, mgonjwa akacheka na sindano iko mdomoni.

Mchungaji hakucheka. Ni kijana, ana mwaka tu hapa. Alinishika mkono mlangoni akasema tutaongea, Mama.

Jumatatu, 9 Machi

Mwenye mgahawa kaja mpaka nyumbani. Mwembamba, viatu vinameta, anaongea kama anauza kitu hata akiwa ananyamaza. Eti Mama yangu, watu wanapiga simu wanauliza yule mama wa sala anakuja lini tena. Eti anipe meza yangu mwenyewe kila wiki, nile bure mimi na mzee, kazi yangu ni kusali tu.

Nikamwambia sala yangu haipo kwenye menyu.

Akasema basi hata fupi.

Nikamwambia kijana, toka kabla sijakuombea wewe. Akatoka. Baba Kitinda kasikitika kimyakimya — alikuwa ameshauliza kama bure hiyo ni pamoja na soda.

Jumanne, 10 Machi

Leo kikao cha akina mama. Nimevaa lile gauni la bluu. Nikasimama kufungua kama kawaida, hata pumzi nimeshavuta. Katibu wetu akanishika bega: "Kaa tu, dada yangu. Leo pumzika." Dada yangu! Huyu akiniita dada najua kuna jambo.

Akasali yeye. Kwa karatasi! Anasoma, anafika mwisho wa mstari, anapumua, anashuka mstari wa pili kama anashuka ngazi. Hakuna aliyetoa leso. Mmoja alipiga miayo, Mungu amsamehe, na mimi anisamehe kwa kuhesabu huo mwayo.

Baadaye Mchungaji kaniita ofisini, Katibu naye yumo, kakaa mbele ya feni. Katibu anasema nimeigeuza sala kuwa kichekesho, nimewaombea viongozi huku maiti kasimama pembeni. Nikasema si maiti, ni mtu ana kazi yake. Akasema ndiyo hiyo hiyo. Mchungaji alikuwa mpole, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi. Kasema anajua nia yangu ilikuwa safi. Ila watu wanacheka, wazee wameuliza. Kwa sasa niache kuongoza sala, na kule mgahawani nisikanyage mpaka kamati ikae. Nikikanyaga, hatakuwa na la kunitetea.

Nikasema sawa, Mchungaji.

Nimekuja nyumbani nimeshona mikono miwili kwenye upande mmoja wa shati.

Baba Kitinda kaniletea chai, kaweka sukari mara mbili kwa kusahau, nimeinywa hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi kabisa hodi mlangoni. Kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi upande mmoja. Sikumjua. Akasema, "Mama, mimi ndiye Marehemu."

Baba Kitinda kusikia hivyo akapitia mlango wa nyuma. Nikamwita, njoo, yuko hai! Akajibu toka uani kwamba anawamwagilia kuku. Kuku hatuna.

Nikamkaribisha yule kijana. Kakaa ncha ya kiti. Akaniambia mkewe ana mimba, kesho mchana wanampasua. Mimba mbili za nyuma hazikufika. Hii imefika, lakini imekaa vibaya na mama mwenyewe damu yake haitoshi. Jumamosi akiwa kasimama mezani kwangu mkono hewani, ndipo aliponisikia nawaombea wanawake walio karibu kujifungua. Anasema alitaka kulia pale pale, ila poda ingemwagika.

Nikamwambia tumwombee sasa hivi, hapa hapa. Tukamwombea. Baba Kitinda karudi, kasimama mlangoni, kavua kofia.

Tulipomaliza kijana hakuondoka. Akasema kesho yuko zamu. Ameomba ruhusa, bosi kasema bila Marehemu hakuna mgahawa, na kazi yenyewe ndiyo kwanza ameianza. Na hata angepewa — hospitali inaruhusu mtu mmoja, na huyo ni mama mkwe. Kwa hiyo mke wake akiwa chini ya kisu, yeye atakuwa anatoka kabatini na kuvizia sahani za watu. "Na kucheka, Mama. Marehemu anatakiwa acheke." Akaangalia mikono yake. Akasema kazi yote hiyo ina sehemu moja tu anayoruhusiwa kusimama kimya. Mtu akiwa anasali mezani.

Akasimama kuaga.

Nimeelewa anachoniomba. Hakukitamka, na nilivyomwangalia nikaona hatakitamka.

Alipoondoka nimekaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Mchungaji kasema nisikanyage. Nikienda, sala ya akina mama nimeiaga. Katibu atashuka ngazi zake kila Jumanne mpaka nife, na kwenye mazishi yangu atasoma karatasi. Nikibaki, nitasali hapa chumbani, Mungu anasikia popote, hilo najua kuliko kamati. Lakini yule kijana hatasikia. Atakuwa anacheka.

Baba Kitinda kauliza kesho nakwenda saa ngapi. Nikasema nani kakwambia nakwenda? Akasema, "Nauliza tu nijue nivae soksi zipi."

Alhamisi, 12 Machi

Naandika jikoni kwa Marehemu — yaani jikoni mgahawani — nimekalia gunia la vitunguu. Sauti sina. Imekwisha kabisa, inatoka hewa tu kama tairi. Mpishi kanipa maji ya moto na asali, kasema nisiongee. Basi naandika. Nisipoandika nitapiga kelele, na kelele haitoki.

Tulifika mchana, mimi na Baba Kitinda. Mwenye mgahawa kutuona nusura anibusu. Nikamwambia nimekuja kula kama mteja, usiguse spika wala usitangaze kitu. Simu ya Marehemu imewekwa hapa jikoni, kwenye rafu ya chumvi, mama mkwe atapiga mambo yakiisha. Supu ikaletwa. Nikafumba macho. Kabati likalia. Nikasikia viatu vyake vinakuja, vikasimama.

Nikaanza.

Mwanzoni walicheka. Simu juu, najua bila kuona. Nikashukuru kwa supu, nikaingia moja kwa moja. Nikasema Bwana, mwangalie mke wa huyu aliyesimama hapa, yuko chini ya kisu saa hii, na mtoto amekaa vibaya, na damu haitoshi. Mtu mmoja akacheka bado. Halafu akaacha. Kimya kikatembea meza hadi meza. Hata saa ya ukutani inayogonga ovyo, mhudumu akaizima. Nikasikia mwenye mgahawa ananong'ona kwa Marehemu, kwa nini hukuniambia ni leo, nenda, nenda sasa hivi! Na Marehemu akajibu bila kushusha mkono, "Nilikuambia, bosi. Huko hawaniruhusu kuingia. Niache hapa."

Nikasali. Nikamwombea daktari macho, muuguzi mikono, umeme usikatike, kisu kisiteleze, anayeosha sakafu asimwage maji. Kila nikikaribia mwisho nikasikia pumzi ya Marehemu inakatika, nikajua hapana, bado. Kijana ameamini kabisa kwamba mkono ukishuka, kuna kitu kitashuka nao. Nikanong'ona katikati ya sala kwamba Mungu haangalii mikono, mwanangu, pumzika. Akasema, "Usinijaribu, Mama. Endelea."

Mzee mmoja meza ya pili akasema "Amina" kwa mazoea. Mgahawa mzima ukamgeukia! Mwenye mgahawa akaanza kupita kwa wateja kwa ncha za vidole: "Msiitikie! Jamani, msiitikie!"

Nikafumbua jicho moja. Ni kosa, najua. Nikaona Baba Kitinda amesimama. Baba Kitinda! Yuko ubavuni kwa Marehemu, kamshika kiwiko kwa mikono yote miwili, kakiinua kama anavyoinua geti wakati wa kupachika bawaba. Macho yake kayafumba kwa nguvu zote, na poda imempaka hadi masikioni. Lakini kashika.

Na nyuma yao mlangoni, Mchungaji; bila shaka simu zile zimeshamfikishia habari. Ana buibui wa pamba kichwani. Katibu kamng'ang'ania koti, maana mhudumu ameshawaambia walale pema.

Nikajua ndiyo basi. Ningeweza kunyamaza hapo, nikaenda nikaeleza, huenda ningeeleweka. Nikafumba lile jicho. Nikarudi kwa muuguzi.

Nikaenda, nikaenda, kisha koo likanisaliti. Nilikuwa kwa mama mkwe pale kwenye benchi, nikasema "umpe..." na kilichofuata hakikutoka. Nikajaribu tena. Hewa. Kimya. Nikafumbua macho yote, Marehemu ananitazama kama mtu anayeona kamba inakatika.

Ndipo ikatoka sauti nyuma yangu: "Umpe nguvu, Bwana, huyo mama aliyekaa peke yake." Mchungaji! Kaishika pale pale nilipoiacha, hakuuliza neno. Akaja mpaka mezani, akaweka mkono kwenye bega lile lile linalouma.

Sasa Mchungaji, Mungu ambariki, ni mtu wa sala fupi. Kasomea. Akafika haraka sana kwenye "haya yote tunaomba," wateja wakashika viti, Baba Kitinda akakohoa kama injini. Mchungaji akafumbua macho, akaona hali, akafumba: "...na pia, Bwana..." Akaanza kuchimba. Alimwombea hadi mbunifu wa ile mashine ya oksijeni, popote alipo. Mimi wakati huo mpishi ananivuta jikoni, kachungulia simu: hakuna kitu.

Mchungaji alipoishiwa, nikasikia kimya tena. Nikasikia karatasi inafunguliwa mkobani. Nikasema moyoni, sasa tumekwisha. Lakini ndani ni giza, kusoma hakuna. Karatasi ikakunjwa. Na Katibu akaanza, sauti inayumba, bila mstari wa kushuka: "Baba... mimi wangu wa kwanza hakulia alipozaliwa. Unakumbuka. Huyu alie, Baba. Huyu alie."

Miaka yote tumekaa kiti kwa kiti. Sikuwahi kujua.

Mpishi kaacha kukata. Mwenye mgahawa kakaa sakafuni mlangoni mwa jikoni, viatu vyake vinavyometa kavivua, sijui kwa nini. Anaangalia rafu ya chumvi. Simu imelala tu pale. Walisema wataanza mchana, labda walichelewa kumwingiza. Labda. Nimekunywa maji kikombe cha pili.

Nimejaribu kusema neno. Limetoka kidogo, lina mikwaruzo.

Mchungaji amechungulia hapa sasa hivi, buibui bado kichwani. Katibu analia huko, maneno yanamwishia. Kanitazama na daftari langu, kanitazama koo. "Mama," kasema, "sauti imerudi? Njoo uongoze. Katibu anakaribia Amina."

Nakwenda —